Mistari Mitatu Kabla ya Miaka 30

Mama Mkubwa alikuja na hukumu ya mwanawe ndani ya bahasha ya kaki. Si mama mkubwa wa damu. Tumepakana naye hapa Buswelu tangu nikiwa darasa la pili, na mama yangu alinifundisha nimwite hivyo. Aliketi kwenye kigoda, akaniambia, "Mwanangu, wewe umesoma. Nisomee wamesema nini juu ya mtoto."

Kurasa 16, zote Kiingereza. Kijana alikamatwa na kilo 18 za bangi, zikiwa kwenye salfeti nyuma ya pikipiki aliyokuwa akiiendesha kwa mkataba. Amefungwa miaka 30. Mama Mkubwa hakudai kwamba mwanawe hana kosa. Alitaka tu kujua kilichoandikwa.

Mimi nilisomea fasihi, si sheria. Kwa hiyo niliisoma hukumu ile kama ninavyosoma riwaya: nani anaongea, nani anasikilizwa, nani amepewa kurasa ngapi. Nilipomaliza niligundua kwamba mhusika mkuu si kijana. Ni salfeti. Tunaambiwa ilikuwa na rangi gani, nani aliishika kwanza, nani alitia saini hati ya kukamatia mali, ilihifadhiwa chumba gani na nani alikuwa na ufunguo, siku gani ilipelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, ilirudi na lakiri gani. Salfeti ina wasifu kamili. Kijana ana umri, kabila, dini na makazi, basi.

Ukiwa msomaji wa haki huwezi kuilaumu mahakama kwa hilo. Mahakama ya Rufani imesisitiza mara nyingi kwamba mnyororo wa utunzaji wa vielelezo ukikatika, hatia nayo inatetereka. Maelezo yale marefu ya salfeti ni kinga ya mshtakiwa mwenyewe, asije akafungwa kwa mzigo wa mtu mwingine. Kurasa hizo 14 sina ugomvi nazo.

Ugomvi wangu unaanza ukurasa wa 15, baada ya neno "hatia". Hapo swali linabadilika. Salfeti imeshamaliza kazi yake, sasa tunauliza mtu huyu apewe nini. Upande wa mashtaka unasema hauna kumbukumbu za makosa ya nyuma, lakini unaomba adhabu kali iwe fundisho kwa wengine. Kisha inakuja shufaa, yaani maombi ya kupunguziwa adhabu. Ni mistari mitatu: ni mkosaji wa mara ya kwanza, ni kijana, ana familia inayomtegemea. Kisha miaka 30.

Mistari hiyo mitatu unaijua hata kama hujawahi kukanyaga mahakamani. Iko kwenye kila habari ya mahakama gazetini, aya ya mwisho kabla ya tangazo. Mwizi wa ng'ombe aliisema, mhasibu aliyekula fedha za kijiji aliisema. Ni kama salamu. Tukisikia "familia inayomtegemea" hatuoni familia yoyote. Na kuna jambo jingine: kijana aliongea Kiswahili, maneno yake yakaandikwa kwa Kiingereza, nami nikayarudisha kwenye Kiswahili ili mama yake ayasikie. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Mwaka huohuo Jaji Zephrine Galeba, aliyekuwa Musoma, ng'ambo tu ya ziwa letu, alisifiwa na Rais na kupandishwa Mahakama ya Rufani baada ya kuandika uamuzi kwa Kiswahili. Hukumu iliyokuwa mapajani mwangu haikuwa imesikia habari hizo.

Utasema jaji angefanya nini, na sheria imeshapima? Ni kweli. Chini ya Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, kama ilivyorekebishwa 2017, msafirishaji wa heroini inayozidi gramu 200 anakwenda jela maisha. Kwa mizigo iliyo chini ya viwango vya juu, miaka 30 ndiyo namba tuliyoizoea. Mizani ndiyo inayoandika sura ya mwisho.

Lakini mizani iko hata kwa wengine. Ndugu wawili wa Mombasa, Baktash na Ibrahim Akasha, walipelekwa New York Januari 2017. Walikiri makosa Oktoba 2018 mbele ya mahakama ya shirikisho. Kule, kilo moja ya heroini inaanza na kifungo kisichopungua miaka 10, na kinaweza kufika maisha. Kuna hata jedwali la miongozo: upande mmoja uzito wa kosa, upande mwingine historia ya makosa, na pale mistari inapokutana ndipo ilipo miezi yako. Tangu mwaka 2005 jedwali hilo linamshauri jaji, halimfungi. Baktash alihukumiwa miaka 25 Agosti 2019. Ibrahim alipata 23, Januari 2020.

Angalia tarehe hizo. Kati ya kukiri na adhabu kulipita zaidi ya miezi 9. Katika muda huo afisa wa mahakama huandika ripoti ya maisha ya mtu: alizaliwa wapi, alisoma nini, afya yake, nani anamlisha. Ndugu na jirani huandika barua kwa jaji. Mshtakiwa mwenyewe hupewa nafasi ya kusema. Sisemi Marekani ni peponi. Hakuna parole katika magereza ya shirikisho, vifungo vya lazima humfunga jaji mikono, na kesi nyingi mno huishia kwa kukiri kwa sababu watu wanaiogopa namba. Ninachosema ni kwamba hata mfanyabiashara mkubwa wa heroini aliandikiwa maisha yake kabla ya kuandikiwa miaka yake. Dereva wa bodaboda wa Buswelu alipata mistari mitatu, siku ileile.

Na mlango tunao. Sheria yetu ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inairuhusu mahakama kupokea ushahidi kabla ya kutoa adhabu, ili ijue adhabu inayofaa. Hata pale namba isipobadilika, jamii ingejua imemfunga nani. Wanaonunua mzigo nao wana mama zao. Wako wanaopanga foleni ya methadone hapa Mwanza kila asubuhi. Nao hawamo kwenye hukumu ile, ingawa adhabu ilitolewa kwa jina lao.

Tunaoandika habari za kweli tuna lawama yetu. Tumeiachia mahakama na aya ya mwisho ya gazeti kazi ya kusema mfungwa ni nani, kisha tunashangaa kwamba wote wanafanana.

Nilimsomea Mama Mkubwa ile mistari mitatu. Akaniuliza kama nimeruka ukurasa. Nikasema hapana. Akaniomba niandike barua ya kuambatanisha na rufaa. Nilimweleza kwamba rufaa huangalia makosa ya sheria na ushahidi uliopo, hadithi mpya ni nadra kusikilizwa. "Andika tu," akasema.

Nikaanza: mtuhumiwa ana familia inayomtegemea. Akanikatiza. "Usiandike familia, baba. Andika jina la mdogo wake, na darasa alilofikia alipoacha shule."

Nikafuta, nikaandika jina.