Mirga-Tas alivyoishona upya picha ya Waroma

Mwaka 2022, kuta za banda la Poland katika Maonyesho ya Sanaa ya Venice zilifunikwa kwa mapande 12 makubwa ya nguo za viraka. Aliyeyabuni ni Małgorzata Mirga-Tas, msanii wa kwanza kutoka Waroma, jamii ya wachache inayobaguliwa Ulaya, kuiwakilisha nchi yoyote katika banda la taifa kwenye maonyesho hayo. Wengi walisifu rangi zake. Mimi nautazama mpangilio, maana ndimo ilimo hoja yake juu ya ubaguzi.

Kiunzi amekiazima Italia. Katika jumba la Schifanoia mjini Ferrara upo ukumbi wa karne ya 15 ambao kuta zake zilichorwa miezi 12, kila mwezi ukiwa na safu tatu: juu miungu, katikati nyota za falaki, chini mtawala Borso d'Este na watu wake. Mirga-Tas ameziacha safu zilivyo, akawabadilisha wakaaji.

Juu ameweka safari ya Waroma kuingia Ulaya, na hapa ndipo ufundi wake ulipokomaa. Chanzo chake ni picha za chapa za Jacques Callot, aliyewachora Waroma katika karne ya 17 kama kundi la wazururaji waliovaa matambara. Mirga-Tas amewachukua watu wale wale na farasi wale wale, akawavika vitambaa vya maua na rangi kali. Msafara uliochorwa kwa dharau sasa unapita kwa heshima. Safu ya kati ina alama za nyota pamoja na wanawake wanaoheshimiwa na Waroma. Chini, palipokuwa pa mtawala, wamekaa watu wa Czarna Góra, kijiji cha msanii karibu na milima ya Tatra, katika shughuli zao za kila siku.

Vitambaa navyo vinasema. Vingi ni nguo na mapazia yaliyokwisha kutumika, yaliyotoka kwa jamaa na marafiki, yakashonwa kwa msaada wa wanawake wengine. Hivyo jamii inayoonyeshwa imo ndani ya picha kwa nguo zake yenyewe.

Mirga-Tas anayajua machungu ya watu wake. Mnara wa mbao aliowachongea Waroma waliouawa na Wanazi huko Borzęcin, uliozinduliwa 2011, uliharibiwa na wahuni mwaka 2016. Huko Venice alichagua kuonyesha hadhi, na kwa maoni yangu alichagua vyema. Msanii anayetaka kujibu picha ya dharau na ajifunze kwake: aichunguze ilivyojengwa, kisha awape nafasi ya heshima wale iliowadhalilisha.