Mlango usio na bawaba

Mlango wa kuchonga wa Mwambao husifiwa kwa maua yake. Marafiki zangu wawili, wachonga vinyago nilioteremka nao kutoka Wote, Ukambani, walianza kuutazama pembeni: bawaba ziko wapi?

Fort Jesus ya Mombasa tulikwisha kuizunguka, tukaona vyombo vya udongo vya Gedi na mabaki ya Santo António de Tanná, merikebu ya Wareno iliyozama hapo mbele ya ngome mwaka 1697. Lakini kilichohifadhiwa hakifunguliwi wala kufungwa. Tukatoka hadi Ndia Kuu, Mji wa Kale, ambako milango bado iko kazini.

Bawaba hazipo. Kila ubawa umeachiwa ncha ya mbao juu na chini, upande wa ukutani, na ncha hizo huzunguka ndani ya matundu ya vizingiti. Uzito hukaa kwenye kizingiti cha chini badala ya kuning'inia kwenye misumari. Katikati husimama mfaa, umepigiliwa kwenye ubawa mmoja, ukafunika ufa unaokutanisha mbawa. Kwa kuwa mlango husukumwa ndani, ubawa wenye mfaa hauwezi kutangulia. Mfaa utakwama kwa mwenzake. Basi ukikaza ule usio na mfaa, umefunga zote mbili. Hapo ndipo wenzangu walipocheka kwa kuridhika.

Nakshi ni hesabu nyingine. Mchonga kinyago hupunguza gogo kwa tezo akilifuata lilivyo. Tezo ikiteleza, twiga huishia kuwa swala. Mchonga mlango hana nafasi hiyo. Sanaa ya Kiislamu mara nyingi hukwepa sura za viumbe, kwa hiyo uzuri hubebwa na marudio, na marudio hayasamehe. Bikari na rula hutangulia patasi: maua ya mwimo wa kulia yalingane na ya kushoto, yaishe kwenye kona bila moja kukatwa nusu. Kisha fundi huliacha ua, akachimba kinacholizunguka, kwa kina kimoja. Jua likipiga kwa ubavu, shimo lililozidi hujisema.

(Misumari mikubwa ya shaba, eti ya kuzuia tembo? Tembo gani kwenye vichochoro vile! Mtindo huo ulitoka India, na hapa ni pambo na kishikizo cha mbao.)

Ukambani kuchota ufundi wa mbao upande wa Pwani si jambo geni. Mutisya Munge wa Wamunyu aliupata uchongaji kwa Wazaramo wa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akarudi nao nyumbani.

Nikawauliza wenzangu kama wangeuweza mlango kama ule. Nakshi, ndiyo, walisema, kwa muda. Kinachowatisha ni ncha: haziongezwi baadaye, hivyo ubao wa pembeni lazima ukatwe mrefu kuliko mlango tangu mwanzo, na mti wenye ufa mahali hapo haufai tena.