Magitaa Manne na Maikrofoni Moja

Mpiga gitaa kavu hulisikia gitaa lake vibaya kuliko mtu yeyote aliyemo chumbani. Tundu la sauti limeelekea mbele, masikio yake yako juu na nyuma ya boksi, na nusu ya akili imeshikwa na vidole. Anachosikia ni mchanganyiko wa sauti iliyotoka na ile aliyokusudia itoke, na mara nyingi hii ya pili ndiyo yenye nguvu. Ndiyo maana nashikilia kwamba kufundisha gitaa na kufundisha kurekodi ni ufundi mmoja, na kwamba ufundi huo hustawi katika kikundi cha watu wanne au watano kuliko katika darasa kubwa, au hata mwalimu anapokaa na mwanafunzi mmoja.

Ushahidi wa kwanza umo katika muziki wetu. Muziki wa dansi wa Dar es Salaam, na rumba ya Kongo iliyouathiri sana, haukujengwa juu ya gitaa moja. Kuna solo, solo ya pili, rithimu na besi. Rithimu hushikilia mwendo, besi huacha mapengo makusudi, solo ya pili hupenya katikati, na wimbo ukifika kwenye chemko solo hupanda juu ya wote. Anayejifunza peke yake ataijua sehemu yake vizuri, lakini hatajua pa kunyamaza, maana hana wa kumpisha. Wanafunzi wanne wanatosha kujaza nafasi hizo. Wakiwa ishirini, mwalimu husikia kishindo tu. Radio Tanzania Dar es Salaam, zilikorekodi bendi kama NUTA Jazz na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, bendi ilipiga yote kwa pamoja mbele ya maikrofoni chache, na kosa la mmoja liliwarudisha wote mwanzo. Sidhani kuna chuo kilichofundisha kusikilizana kwa ukali kama huo.

Tazama somo lenyewe linavyokwenda. Besi imechomekwa moja kwa moja kwenye kadi ya sauti ya kompyuta. Maikrofoni imewekwa kwa mpiga rithimu, kiasi cha sentimita 30 kutoka pale shingo ya gitaa inapoungana na boksi. Ikielekezwa tunduni, nyuzi nene huvuma mpaka zikameza nyingine zote. Wanapiga dakika mbili, wanaweka magitaa chini, wanasikiliza. Yule wa rithimu, aliyekuwa na hakika kwamba anakwenda sawa, anajisikia akichelewa kila anapohamia kwenye F, kwa sababu hapo kidole cha shahada hutakiwa kubana nyuzi zote sita kwa mkupuo, naye hukipanga upya kila mara. Kwenye kioo cha kompyuta vilima vya sauti yake vinaonekana vimesogea kulia kidogo ya vile vya besi. Kuna uzi unaokereketa: kidole kimekaa mbali mno na kile chuma chembamba kilichopigiliwa shingoni. Mwalimu hajafungua mdomo bado, na mpiga besi amekwisha kugundua kwamba yeye naye alikuwa akikimbia.

Wapo watakaosema kwamba wazee hawakuhitaji mitambo hii. Mpiga gitaa wa Kongo Jean Bosco Mwenda hakufunzwa gitaa chuoni, na bado Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alipomrekodi Jadotville, leo Likasi, mwaka 1952, kidole gumba na cha shahada vilikuwa vikifanya kazi ya watu wawili. Ni kweli. Lakini tuangalie kilichofuata: wimbo wake “Masanga” ulisafiri kwa santuri, na wapiga gitaa ambao hawakuwahi kumtia machoni walijifunza mtindo wake humo. Mwaka 1961 na 1962 mtafiti wa muziki David Rycroft alichapisha uchambuzi wa kina wa upigaji huo, kazi isiyowezekana bila rekodi ya kurudiarudia. Kwa hiyo rekodi imekuwa mwalimu kwa miaka mingi. Tofauti ni kwamba sasa mwanafunzi anaweza kusoma kwenye rekodi yake mwenyewe. Na asiye na kompyuta aanze na simu.

Hoja nzito zaidi ni ile ya uvivu. Kompyuta hukata kosa, hubandika kipande kizuri mara nane, husogeza mpigo uliochelewa, na kijana hutoka studio na wimbo asioweza kuupiga jukwaani. Hatari hiyo ipo. Dawa yake, kwa maoni yangu, ni utaratibu: hakuna kukata chochote mpaka kikundi kiupige wimbo mzima bila kusimama, na atakayekata awe yule yule aliyekosea, apime mwenyewe kipi ni haraka kati ya kuhariri na kufanya mazoezi. Nakubali pia kwamba mkono wa kushoto uliopinda vibaya hutaka somo la peke yake, tena mapema. Video za intaneti, kwa uzuri wake wote, haziuoni mkono huo kabisa.

Linalobaki ni la mwalimu, na ndilo gumu. Katika dakika mbili zile amesikia makosa kumi ya watu wanne. Akiyataja yote, wiki ijayo atakuja mmoja. Hutaja la rithimu, kwa sababu mwendo ukinyooka makosa matatu ya wengine hufutika yenyewe, kisha anabonyeza kitufe cha kurekodi tena.