Wimbo wa Kijiti na Haki ya Mashahidi

Katika nyimbo za Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, Unguja, na kufariki mwaka 1950, hapana wenye uchungu kama Kijiti. Habari yake ni hii: mwanamke mgeni, mwenye mimba, achukuliwa ngomani, Kijiti ampeleka maguguni, na arejeshwapo ni maiti. Muuaji avuka kwenda bara. Hakimu, kwa hasira, awafunga wanawake wawili waliosimama mbele yake kuwa mashahidi.

Mtungaji dhaifu angalimfanya marehemu malaika. Wimbo huu haukufanya hivyo. Wakiri kwamba wanawake walitoka nyumbani bila ruhusa, na pombe wamechukua kapuni. Hapo ndipo penye nguvu ya utungo: makosa hayo yatajwa waziwazi, wala hayapunguzi hatia ya Kijiti hata chembe. Baraza la hukumu liliwaona waliokuwapo likamsahau aliyekosekana. Wimbo wamwita kwa jina lake, ubeti baada ya ubeti, mpaka asiwe na pwani ya kujifichia.

Yaweza kusemwa kwamba wimbo haufungui gereza. Ni kweli, lakini kwa mtu aliyedhulumiwa, kusadikiwa hadharani si jambo dogo.

Upungufu upo. Hasira ya wimbo yamfuata mno muuaji. Mashahidi wale wawili waachwa kifungoni, na katika beti zijulikanazo zaidi hapana uulizao nani atawapokea siku watakapotoka.