Mke Mwenza na Mwenzi: Juu ya Hadithi ya Khaled Hosseini

Katika Kiswahili twasema mke mwenza, na neno mwenza asili yake ni moja na mwenzi, yaani mtu wa kufuatana na kusaidiana naye. Lakini katika desturi neno hili limebeba wivu kuliko urafiki. Mtu atajiwapo uke wenza hufikiri ugomvi wa jikoni na hila za kumvuta mume. Tuliyakumbuka hayo tukisoma A Thousand Splendid Suns, kitabu cha Khaled Hosseini, mzaliwa wa Kabul, kilichotolewa kwa Kiingereza mwaka 2007. Ni hadithi ya wanawake wawili wa Afghanistan walioolewa na mume mmoja wakati wa vita.

Mariam alizaliwa karibu na Herat mwaka 1959, nje ya ndoa. Mamaye humwita harami, nasi twalitambua neno hilo mara moja, maana lina asili moja ya Kiarabu na mwanaharamu wetu: kosa ni la wazazi, jina hupewa mtoto. Alipokuwa na miaka 15 aliozwa Rasheed, mshona viatu wa Kabul, aliyemzidi umri sana. Mimba zake zikaharibika moja baada ya moja, na mume akawa mkali. Laila, binti wa mwalimu, ni mdogo kwake kwa miaka 19. Mujahidina walipoingia Kabul mwaka 1992, kisha wakapigana wao kwa wao, kombora liliwaua wazazi wake. Rasheed akamtoa katika kifusi, halafu akamwoa.

Tuliloliona jema hasa ni kuwa mwandishi hafanyi haraka kuwapatanisha. Mwanzo Mariam amchukia mgeni huyu, na kazi za nyumba zagawanywa kama mpaka wa maadui. Amani yaja kwa mambo madogo: Laila aushika mkono wa Rasheed asimpige Mariam, Mariam atoa nguo alizowashonea watoto wake wasiozaliwa, ampe mtoto wa Laila, kisha wanywa chai pamoja uani usiku. Hapo ndipo neno mwenza lirudiapo maana yake. Baadaye yaja mengi: safari ya kutoroka iliyoshindwa, amri za Taliban walioutwaa mji mwaka 1996, Laila kupasuliwa bila dawa ya usingizi ili azae, na njaa, wala hayo yote hayawatengi. Mwishowe Rasheed amkaba Laila koo, na Mariam amwua kwa beleshi. Akubali kuhukumiwa peke yake, ili mwenziwe apone pamoja na watoto.

Kasoro ya kitabu twaiona katika Rasheed. Uovu wake hauna pumziko, hata msomaji aweza kudhani kuwa taabu yote yatoka katika moyo wa mtu mmoja. Mwandishi agusia habari za mwanawe aliyekufa maji, lakini halichimbui jambo hilo. Jalil, babaye Mariam, ameandikwa vizuri zaidi: ampenda binti yake, ila aogopa aibu, kwa hiyo amwoza mbali. Kina Rasheed ni rahisi kuwashutumu. Kina Jalil ndio wengi, nao huketi mbele yetu kanisani na katika vikao vya wazee. Mwalimu atakayekisoma kitabu hiki na wanafunzi wake na akae kwanza juu ya Jalil.

Hadithi yaisha mwaka 2003, Laila amerudi Kabul, afundisha watoto yatima. Tumaini hilo lasomwa kwa uchungu sasa, kwa kuwa Taliban walirudi mwaka 2021, na wasichana wakafungiwa shule za sekondari. Hata hivyo hatusemi kuwa mwandishi alitumaini bure. Hakuahidi kuwa vita vitakwisha. Alionyesha tu kuwa mtu aliyeitwa harami tangu utotoni aweza kufa akiwa mwenzi wa mtu. Atakayekifasiri kwa Kiswahili asiwatafutie wanawake hawa jina jingine. Mke mwenza latosha.