Pata Potea Chini ya Midgar

Nianze na ungamo: nilitoka chuo mwaka wa pili kwa sababu karo ya muhula mzima iliishia kwenye mikeka. Haikwenda siku moja. Ilikwenda mia mbili, mia mbili, usiku nikiwa nimelala hosteli, na kila mkeka ulichanika kwa timu moja tu. Nakwambia mapema ndio uelewe kwa nini geimu ya simu, yenye picha safi na muziki mtamu, ilinitoa jasho.

Geimu yenyewe ni Final Fantasy VII Ever Crisis. Square Enix waliitoa Septemba 2023 kwa iOS na Android, na kuipakua ni bure. Inasimulia upya, sura kwa sura, Final Fantasy VII ya 1997 na hadithi zinazoizunguka, Crisis Core ikiwemo.

Kama ulipitwa na ile ya kwanza, iko hivi. Midgar ni mji uliojengwa juu ya sahani kubwa la chuma. Walio nazo wanaishi juu, wasio nazo wako chini na sahani ndilo anga lao. Kampuni ya Shinra inafyonza mako, yaani uhai wa sayari yenyewe, inaugeuza umeme. Cloud, askari wa kukodiwa, anaruka kutoka kwa treni kwenda kulipua mtambo wa Shinra, na kinachomkera zaidi ni kama atalipwa gil zake 1,500. Kabla usiku haujaisha anakutana na Aerith, msichana anayeuza maua kwa gil 1.

Mimi niliicheza Kayole, kwa binamu yangu mkubwa, kwenye PlayStation ya zamani ambayo ilibidi uipindue kichwa chini ndio isome diski. Diski zilikuwa tatu, amezifunga kwenye bahasha ya kaki. Aerith ndiye nilimpenda, kwa sababu ndiye alikuwa anatuponya. Nilikuwa nikikesha kumpandisha kiwango na kumnunulia fimbo. Binamu alikuwa anajua kinachokuja, na alininyamazia.

Mwisho wa diski ya kwanza, Sephiroth anamchoma upanga akiwa anaomba. Halafu unapigana na jitu huku muziki ni ule ule wa kuomboleza. Hawaubadilishi. Ukimaliza, Cloud anambeba hadi majini. Muda si muda skrini inakwambia utie diski ya pili. Nilimuuliza binamu anarudi lini. Akasema, "Harudi. Weka diski." Fimbo za akiba zilibaki kwenye mkoba, na hakuna mwingine kwenye kundi anayeweza kuzishika.

Yoshinori Kitase, aliyeiongoza geimu hiyo, alishaeleza kwamba walikusudia hivyo: kifo cha ghafla, kisicho na ushujaa wa sinema, kikuachie pengo. Watu walikataa kuamini. Kwa miaka mingi kulikuwa na uvumi wa njia za siri za kumfufua. Hakuna hata moja iliyokuwa kweli.

Sasa turudi kwa simu. Ever Crisis si takataka, na sitajifanya ni takataka. Ukitembea, wahusika ni vile vijitu vifupi vyenye mikono ya matofali, kama 1997. Vita vikianza wanageuka watu kamili, wa sura za toleo jipya la 2020. Mara ya kwanza nilicheka peke yangu kwenye matatu. Sura moja inaisha kabla ufike tao, na ukichoka unaiachia ipigane yenyewe. Wamekata uzururaji: hakuna dunia pana inayokufungukia ukitoka Midgar, unachagua sura kwenye menyu. Hilo naweza kulisamehe. Simu ni simu.

Ila ukitaka nguvu, unahitaji silaha, na silaha nzuri zinatoka kwa gacha. Neno hili linatokana na zile mashine za Japani za kutia sarafu, unazungusha, kinatoka kikopo usichojua kina nini ndani. Hapa unatumia fuwele, ambazo unazipata kwa kucheza au kuzinunua kwa pesa halisi. Ukipata silaha moja haijaisha, kwa sababu ile ile ikirudi mara kadhaa ndio inaiva. Na silaha za msimu zina saa inayohesabu kurudi nyuma.

Mtaani tunaiita pata potea. Zile sekunde kabla ya matokeo nazijua vizuri mno. Kidole kilikuwa baridi vile vile. Nilivuta fuwele zote za bure, nikakosa, na bila kufikiria nikajikuta nishafika ukurasa wa malipo, naambia nafsi yangu kwamba karibu. Lile neno "karibu" ndilo lililokula karo yangu. Nilizima simu, nikatoka nje kununua smokie.

Huko nje ndiko nilielewa kinachonisumbua. Kwenye Ever Crisis, hadithi ikufikishe popote, ukirudi kwenye menyu Aerith yupo, anangoja kupigana. Lazima awepo. Silaha zake na mavazi yake yako kwenye droo, na huwezi kumuuzia mtu fimbo ya marehemu. Geimu ya 1997 ilithubutu kukunyang'anya kitu ulichokitolea jasho na kukataa kukirudisha kwa bei yoyote. Hii ya simu haiwezi, maana biashara yake inategemea wewe kuamini kwamba hakuna kilichopotea moja kwa moja, vuta tena.

Hayo ndiyo mahubiri ya mkeka pia. Mwaka mzima niliamini karo haijapotea, iko tu kwenye mechi ya Jumamosi. Nilipona siku niliyokubali kwamba imeenda na nikampigia mathe simu.

Mtu ataniambia: kwani si ni ya bure? Rebirth ya 2024 ilitoka kwa PS5, na wangapi kati yetu wana PS5? Ni kweli, na ukiweza kuicheza bila kugusa droo, hadithi iko pale na imechorwa vizuri. Lakini unajijua. Kama damu yako ni kama yangu, kaa mbali. Ile ya 1997 yenyewe iko kwenye simu tangu 2015 kwa iOS na 2016 kwa Android. Unalipa mara moja, na haikuombi kitu tena. Picha zake ni za kizamani na vidole vitateleza kwenye vitufe vya skrini. Utazoea.

Ndiyo nacheza sasa. Wiki jana nilifika tena pale majini, na safari hii hakukuwa na diski ya kubadilisha. Nilifungua mkoba kuona kilichobaki. Fimbo zake zipo. Duka lingezinunua, ila sijaziuza.