Poti 8009: mahali Apache na Tomcat zinapokutana

Februari 2020, wataalamu wa kampuni ya usalama wa kompyuta ya Chaitin Tech ya China walitangaza udhaifu waliouita Ghostcat. Yeyote aliyeweza kuifikia poti 8009 ya mashine inayoendesha Tomcat, seva ya programu za Java, aliweza kusoma faili zilizofichwa ndani ya programu, zikiwemo zile ambazo mara nyingi hubeba nywila ya hifadhidata. Hakuhitaji jina la mtumiaji wala nywila. Kwa kipimo cha ukali, udhaifu huo, uliosajiliwa kama CVE-2020-1938, ulipewa alama 9.8 kati ya 10.

Habari hiyo iliigusa Afrika Mashariki moja kwa moja. DHIS2, mfumo wa takwimu za afya ambao Kenya ilianza kuutumia nchi nzima mwaka 2011, ni programu ya Java inayoendeshwa ndani ya Tomcat. OpenMRS, iliyoanza kutunza rekodi za wagonjwa Eldoret mwaka 2006, ni vivyo hivyo. Nyuma ya poti ya namna hiyo kuna majina ya watu, vipimo vyao na dawa wanazomeza.

Kwa nini basi seva ziwe mbili, seva ya wavuti ya Apache mbele na Tomcat nyuma? Sababu ya kwanza ni madaraka. Kwenye Linux, poti zilizo chini ya 1024 kwa kawaida hufunguliwa na akaunti kuu ya root peke yake. Apache huanza kama root, hushika poti 80 na 443, kisha huwahudumia wageni kwa akaunti ya kawaida isiyo na nguvu. Programu ya Java haiwezi kwa wepesi kujivua madaraka ya root ikishaanza. Ndiyo maana Tomcat huachwa kwenye poti 8080, chini ya akaunti yake ndogo, na Apache hubaki mlangoni ikishughulikia vyeti vya HTTPS, picha na faili zisizobadilika.

Swali linalobaki ni lugha ya mazungumzo kati yao. Tomcat ilizaliwa Sun Microsystems na kukabidhiwa shirika la Apache mwaka 1999, na kwa miaka mingi lugha hiyo ilikuwa AJP. Ilipitia moduli ya mod_jk na faili lake la workers.properties. Kuanzia Apache 2.2 ya mwaka 2005, ikapitia pia mod_proxy_ajp.

AJP ilibuniwa kwa kubana matumizi. Neno GET husafiri kama namba 2, POST kama namba 4, na kichwa cha Accept hufupishwa kuwa baiti mbili tu, A0 na 01. Kila pakiti inayotoka Apache hutanguliwa na baiti 12 na 34. Jibu la Tomcat hutanguliwa na herufi AB. Tomcat haikulazimika kuchambua tena maandishi ambayo Apache ilikwisha kuyachambua.

Pamoja na wepesi huo, ilikuja imani. Tomcat iliyachukua yote yaliyoletwa na AJP kama kauli ya mwenzake: kwamba ombi limepita kwenye HTTPS, kwamba mgeni ametoka anwani fulani, hata kwamba amekwisha kutambuliwa. Imani hiyo haikuwa na ubaya maadamu aliyesema ni Apache kweli. Lakini kiunganishi cha AJP kilikuja kikiwa tayari kimewashwa ndani ya server.xml, kikisikiliza poti 8009 kwenye anwani zote za mashine, na wasimamizi wengi wasiokitumia hawakukigusa.

Ghostcat iliingilia hapo. Ukurasa mmoja unapoingiza mwingine, Tomcat hutumia sifa za ndani ambazo majina yake huanza na javax.servlet.include. Mshambuliaji aliziandika mwenyewe kwenye pakiti ya AJP, akazijaza njia ya /WEB-INF/web.xml, na Tomcat ikamkabidhi faili ambalo kivinjari hakiruhusiwi kuliona. Ikiwa programu inaruhusu watu kupakia faili, hatari ilizidi: faili lililopakiwa lingeweza kuendeshwa kama msimbo wa JSP.

Marekebisho yalitoka katika matoleo 7.0.100, 8.5.51 na 9.0.31. Kiunganishi cha AJP kilizimwa. Ukikiwasha, husikiliza ndani ya mashine yenyewe tu, na hudai neno la siri lililo sawa pande zote mbili. Waliosasisha bila kusoma maelezo walikuta AJP imegoma kuanza, huku logi ikitaja secretRequired. Hilo halikuwa kosa la toleo jipya. Tomcat ilikuwa imeacha kumwamini kila anayebisha hodi.

Leo njia inayoeleweka kwa urahisi ni HTTP ya kawaida: ProxyPass ikielekea http://127.0.0.1:8080/, pamoja na ProxyPassReverse na ProxyPreserveHost On. Hapa msimamizi lazima aeleze mwenyewe yale ambayo AJP ilikuwa ikiyabeba kimyakimya. Apache huongeza X-Forwarded-For yenyewe, lakini X-Forwarded-Proto lazima iandikwe kwa RequestHeader. Upande wa Tomcat, RemoteIpValve ndiyo inayovisoma vichwa hivyo. Ikikosekana, logi za Tomcat huonyesha kila mgeni ametoka 127.0.0.1, na mtumiaji aliyeingia kwa HTTPS anaweza kurudishwa kwenye anwani ya http.

Kuna jambo jingine linalowatoa wasimamizi jasho. Tomcat inapowashwa upya, Java huchukua muda kuamka. Ombi likija wakati huo, Apache hukataliwa, huiandika Tomcat kuwa mbovu, na haijaribu tena hadi sekunde 60 zipite. Tomcat imeshaamka, 8080 inajibu vizuri, lakini watu wanaendelea kuona kosa la 503. Wengine huwasha upya tena na tena, na huenda wakaanza kusubiri upya. Palipo na Tomcat moja tu, kuongeza retry=0 kwenye mstari wa ProxyPass humaliza tatizo hilo.

Kati ya njia hizi mbili, HTTP ndiyo inayofaa kwa mfumo mpya: mipangilio yake inasomeka, na hitilafu zake hufuatiliwa kwa zana za kawaida. AJP ibaki pale tu inapohitajika, ikiwa na neno la siri. Anayesimamia seva ya hospitali, chuo au halmashauri aendeshe leo amri ya ss -tlnp. Akiona 8009 au 8080 ikisikiliza anwani yoyote zaidi ya ile ya ndani, na Apache ipo kwenye mashine hiyohiyo, aifunge poti hiyo kwa wa nje kabla ya kwenda nyumbani.